Kuongeza kimo cha tuta la lambo: hesabu ya mita mbili

Mtu wa Mwanza ukimpelekea habari ya kupanua bwawa ili mji usije ukakosa maji miaka ijayo, atakunyooshea kidole Ziwani, na huna cha kumjibu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Sentimita moja tu ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Mtambo wa kusafisha maji wa Capripoint umejengwa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, wa Butimba lita milioni 48. Mitambo yote miwili ikisukuma usiku na mchana bila kuzimwa, hiyo sentimita moja ingechukua miaka 13 na ushei kuisha. Kwa hiyo bomba la mlimani likipiga mluzi badala ya kutoa maji, usiulize kina cha Ziwa. Uliza pampu, umeme, kipenyo cha bomba na tangi la juu. (Na tusisahau kwamba Ziwa lenyewe nalo ni bwawa la aina yake: tangu 1954 maji yake yanatoka Jinja kwa kupitia mageti ya Owen Falls, siku hizi Nalubaale.)

Ukiligeuzia Ziwa mgongo mambo yanabadilika. Mtambo wa Ihelele, Misungwi, unapandisha maji hadi Shinyanga na Kahama, na bomba limeshafika Tabora, Nzega na Igunga, lakini bomba kuu halipiti kila mlango. Mji wa Maswa umekuwa ukinywa maji ya bwawa la New Sola, pale Zanzui. Na Usukuma mzima umejaa malambo, yaani mabwawa madogo ya tuta la udongo, mengi yakiwa ya miaka ya 1940 na 1950, yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe na vijiji vya kaya chache. Kijiji cha namna hiyo leo kina stendi, sekondari, kituo cha afya na mashine za kukoboa mpunga. Lambo ni lile lile. Hapo ndipo mtu anaposema: "Tuongeze tuta tu, mita mbili hivi."

Hiyo "tu" ndiyo tutakayoichambua.

Mita mbili ni ngapi?

Tuchukue lambo la mfano. Tuta lina kimo cha mita 6 katikati ya bonde, urefu mita 220, mgongo wa juu upana mita 3. Upande wa maji umelala mita 3 za kwenda kwa mita 1 ya kupanda; upande mkavu, 2 kwa 1. Lambo likijaa maji yanafika mita 4.5, yaani kutoka usawa wa maji hadi mgongoni kuna mita 1.5. Hiyo mita 1.5 si ya akiba ya maji. Ni ya mafuriko na mawimbi, na tutairudia.

Kiasi cha maji kinakisiwa haraka hivi: upana wa maji kwenye tuta, mara kina, mara urefu wa maji kwenda nyuma, gawanya kwa 6. Kwa lambo letu, upana mita 165, kina 4.5, na maji yanarudi nyuma mita 675: tunapata kama mita za ujazo 83,500. Pandisha maji mita 2. Upana unakuwa 238, kina 6.5, maji yanarudi nyuma mita 975. Jibu ni kama 251,400. Mita mbili zimezidisha maji mara tatu! Ndiyo maana kila diwani anaipenda kazi hii.

Sasa geukia udongo. Tuta la mita 8 halibaki na mteremko wa 2 kwa 1 upande mkavu. Linalazwa hadi 2.5 kwa 1, na mgongo unapanuliwa hadi mita 4 ili greda lipite. Ukilikata katikati kama mkate, eneo la tuta la zamani ni mita za mraba 108, la jipya ni 208. Kimo kimeongezeka kwa theluthi, mwili umekaribia mara mbili. Na tuta linarefuka pia, kwa sababu bonde linapanuka kadiri unavyopanda: mita 220 zinakuwa kama 293. Udongo mpya ulioshindiliwa unafika mita za ujazo 13,300 hivi. Udongo ukiwa kwenye tipa umevimba, kwa hiyo zidisha kwa 1.4: mita za ujazo 18,600, sawa na safari 1,860 za tipa la mita 10. Hapo hatujahesabu udongo wa kufidia ule utakaoukata kwenye tuta la zamani.

Wapo wanaosema afadhali kuchimba tope kuliko kuinua tuta. Tazama hesabu: mita 13,300 za tope ukizitoa zinakupa nafasi ya maji mita 13,300, basi. Mita hizo hizo za udongo mzuri ukiziweka juu ya tuta zinakupa maji karibu 168,000. Kuchimba tope peke yake ni kazi ya kupendeza macho. Lakini kuinua tuta bila kupima tope ni upofu, kwa sababu huenda zile 83,500 ulizoandikiwa kwenye faili zilishageuka 50,000. Kupima hakuhitaji chombo cha gharama. Mtumbwi, kamba yenye alama kila sentimita 10, sahani ya bati iliyofungwa kwenye kamba na jiwe dogo juu yake, na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa kutosha. Sahani inatua juu ya tope, unasoma. Nondo inasukumwa kwa mkono hadi igonge ardhi ngumu ya zamani, unasoma tena. Tofauti ni tope. Fanya hivyo kila mita 20 kwa mistari inayokatiza lambo, na kwa siku mbili una ramani ya tope bora kuliko makisio ya ofisini.

Swali la mwisho la hesabu: mvua italijaza? Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, tukikisia kwa tahadhari kwamba asilimia 8 tu ndiyo inayotiririka hadi lamboni, kila kilomita ya mraba inaleta mita za ujazo 72,000. Lambo letu jipya linahitaji eneo la kilomita 3.5 za mraba kujaa mwaka mzuri, na mara mbili yake ikiwa unataka lijae hata mwaka mbaya. Eneo likiwa kilomita 2, umejenga sinia la kukaushia maji. Kwa maana jua nalo linakunywa: kiangazi cha milimita 5 kwa siku juu ya uso mpya wa mita za mraba 116,000 ni lita 580,000 kila siku lambo likiwa limejaa. Kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu, hayo ni maji ya watu 23,000 yanayopaa bila kulipiwa bili.

Udongo

Wasukuma walishaupanga udongo wao kabla ya maabara. Juu kwenye majabali kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakuta itogolo, kisha ibambasi, na chini kabisa bondeni ni mbuga nyeusi. Luseni haizuii maji. Mbuga inazuia, lakini ikikauka inapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono hadi kiwiko, na ikilowa inavimba. Inafaa ndani ya tuta inakobaki na unyevu, haifai mgongoni.

Anayedanganya watu ni ibambasi. Kiangazi ni gumu kama sakafu, sururu inarudi. Msimamizi analiangalia na kusema "huu ndio udongo wa tuta." Kumbe ugumu huo mara nyingi unatokana na magadi: chumvi ya sodiamu inayofanya chembe za mfinyanzi ziachane zenyewe zikikutana na maji matamu ya mvua. Tuta la udongo huo halihitaji mafuriko ili livunjike. Ufa mdogo unatosha. Maji yanapita, yanayeyusha kuta za ufa, na asubuhi unakuta handaki.

Jaribio lake ni la dakika kumi. Chukua bonge la udongo ukubwa wa njegere, likiwa na unyevu wake wa asili. Lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, au maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri (si asidi). Usikoroge, usitikise meza. Bonge likivunjika na kubaki kichuguu huku maji juu yake ni maangavu, hilo halina neno. Lakini ukiona wingu la kama maziwa mepesi linajitenga na bonge na kutambaa kwenye sakafu ya glasi, acha shimo hilo la udongo. Wengi hukosea kwa kutumia maji ya lambo lenyewe au ya kisima: chumvi iliyomo inaficha tatizo, udongo mbaya unafaulu mtihani. Pima mabonge ya kina tofauti, kwa sababu ibambasi linaweza kuanza sentimita 40 chini ya udongo mzuri. Kama hakuna udongo mwingine karibu, kuna njia ya kuchanganya chokaa asilimia 2 hadi 3 ya uzito, ila ichanganywe kweli kweli, si kumwagwa juu kama sukari kwenye andazi.

Tuta jipya haliketi juu ya la zamani, linashikana nalo

Bwawa la Roseires kule Sudan liliinuliwa mita 10, kazi ikakamilika 2013. Lakini waliolijenga miaka ya 1960 walishaliandaa kwa ajili ya siku hiyo. Malambo yetu hayakuandaliwa. Ndiyo maana unaanza kwa kubomoa.

Udongo mpya kwa kawaida huwekwa upande mkavu na juu ya mgongo. Upande wa maji kuna tope laini, na tuta lililokaa juu ya tope huteleza. Basi upande mkavu unavuliwa nguo: nyasi, mizizi na udongo mweusi wa juu vinatoka sentimita 20 hadi 30. Miti nayo ing'olewe na visiki vyake, na mizizi minene ifuatwe hadi iishe. Mkaratusi uliokatwa ukaachiwa mizizi tutani ni bomba linalosubiri kuoza. Vichuguu vya mchwa vichimbwe hadi kwenye chumba cha malkia, na pango lijazwe kwa tabaka na kushindiliwa. Mashimo ya fuko hali kadhalika.

Mgongo wa zamani unakatwa nusu mita hadi mita moja kwenda chini, mpaka ufikie udongo wenye unyevu usio na nyufa. Watu huona uchungu kukata tuta wanalotaka kulipandisha. Lakini ukizifunika zile nyufa za jua, maji mapya yatakapopanda hadi pale yatapita katikati ya tuta la zamani na jipya kama yanayopita kwenye mkunjo wa turubai.

Kisha mteremko unakatwa ngazi za nusu mita au zaidi kidogo. Kila ngazi inakwaruzwa, inanyunyiziwa maji, ndipo tabaka la kwanza linamwagwa.

Sasa jambo linaloua matuta yaliyoinuliwa, na halionekani kwenye picha za uzinduzi. Tuta la udongo lote huvuja kidogo. Maji yanayopenya hutokea chini upande mkavu, na tuta lililojengwa vizuri lina rundo la mawe mguuni la kuyapokea. Ukija na tipa zako ukafunika mguu huo kwa mfinyanzi, umeziba mlango. Maji hayajui kwamba kuna mradi. Yanaendelea kuja, yanajaa ndani ya tuta, shinikizo linapanda, na upande mkavu unalowa kutoka ndani hadi unaporomoka. Wengine watasema udongo ulikuwa mbovu. Udongo ulikuwa mzuri mno, ndiyo shida.

Dawa ni chujio la mchanga. Kabla ya udongo mpya, laza mchanga wa unene wa nusu mita juu ya mteremko wa zamani, kuanzia mguuni hadi karibu na usawa wa maji ya zamani, na uuendeleze juu ya ardhi kwenda nje mpaka kwenye mguu mpya wa mawe. Mawe Mwanza hayanunuliwi kwa ugomvi, granaiti iko kila kilima. Ila mawe yasigusane na udongo moja kwa moja: mchanga, kisha kokoto, kisha mawe. Ukiruka kokoto, mchanga unaingia kwenye nafasi za mawe, udongo unafuata, na tuta linajila lenyewe.

Mchanga uwe safi wa mtoni. Jinsi ya kuujua: ulowanishe kidogo, ushindilie kwenye kikombe, ugeuze kikombe kwenye sinia kama mtoto anayepika keki ya mchanga, kisha mimina maji taratibu kwenye sinia. Kichuguu kikiporomoka maji yalipofika, ni mzuri. Kikisimama imara, una mfinyanzi ndani yake. Mchanga huo ukipata ufa utauacha wazi badala ya kuuziba. Usipokee tipa hilo.

Udongo wenyewe unamwagwa tabaka la sentimita 20, likishindiliwa linabaki 15. Kutoka mguuni hadi mgongoni mita 8, hayo ni matabaka zaidi ya 50, na kila moja linapitiwa na roli la vinundu, lile la miguu ya kondoo, mara 6 hadi 8. Mwanzoni vinundu vinazama vyote. Kadiri udongo unavyokaza, roli linapanda, mpaka linatembea juu likiacha alama za sentimita chache. Hapo ndipo fundi anapokuwa na haki ya kusema "imekaa hiyo, bosi." Roli laini la barabara halifai: linaacha uso unaong'aa, na kila uso unaong'aa ni njia ya maji. Matairi ya tipa nayo yanafanya vivyo hivyo, kwa hiyo njia ya tipa ibadilishwe kila tabaka na ikwaruzwe.

Unyevu unapimwa kwa kiganja kabla ya maabara. Bana udongo: ushikane, ukivunja utoke vipande viwili vitatu, usiache tope mkononi. Ukimomonyoka, una kiu. Udongo wa Agosti ukiwa na unyevu wa asilimia 8 na unahitaji 14, kila mita ya ujazo inataka lita 100 hivi. Kwa tuta letu ni lita milioni 1.3, yaani maboza zaidi ya 130 ya lita 10,000, na jua litataka sehemu yake. Ndiyo maana ni kosa kulikausha lambo lote kabla ya kazi. Acha maji ya chini yabaki. Boza litaenda kuchota wapi mwezi wa nane?

Muda ni Juni hadi Septemba. Safari 1,860 kwa siku 90 za kazi ni safari 21 kwa siku, tipa tatu zinatosha kama shimo la udongo liko karibu. Upimaji, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, tathmini ya mazingira na fidia viwe vimekwisha kabla. Mvua za vuli zikikuta tuta nusu na utoro (njia ya kando ya kutolea maji ya mafuriko) haupo, hasara haina mfano. Na mgongo umalizwe ukiwa na kichwa katikati, sentimita 40 za ziada kwa tuta la mita 8, kwa sababu litashuka.

Bomba la chini

Kwa kifupi, lakini usiliruke. Bomba la zamani la chuma lenye kutu sasa litabeba udongo mwingi zaidi na shinikizo kubwa zaidi, na ni fupi: tuta jipya litameza mwisho wake. Ama lichimbuliwe libadilishwe, ama lipitishiwe bomba dogo la plastiki ngumu (HDPE) ndani na nafasi kati yake ijazwe saruji nyepesi kwa pampu. Valvu iwe upande wa maji, ili bomba lisikae na shinikizo ndani ya tuta mwaka mzima. Wengi hujenga kola, yaani pete nene za zege, kuzunguka bomba wakidhani zinazuia maji. Chini ya kola roli halifiki, udongo unabaki legelege. Bora theluthi ya mwisho ya bomba ivishwe mchanga ule ule wa chujio, na udongo unaoligusa ushindiliwe kwa mkono.

Kwa maji ya mji, usichote chini. Kwenye kina cha mita 6 na zaidi hewa ya majini inaweza kuisha, maji yanatoka na harufu na chuma, nguo nyeupe zinageuka. Pipa la plastiki linaloelea na bomba la mpira linalochota nusu mita hadi mita moja chini ya uso linafanya kazi nzuri kuliko mnara wa zege wa tundu moja. Na miti na nyasi za eneo jipya zikatwe na kuondolewa kabla ya maji kupanda, la sivyo mwaka wa kwanza utakunywa mchuzi wa majani. Ng'ombe wasiingie lamboni; mbauti (mabirika ya kunyweshea mifugo) zijengwe chini ya tuta. Watoto nao, kwa sababu ya kichocho.

Utoro

Hapa ndipo malambo yanapokufia. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, saa chache zinatosha.

Utoro wenye kizingiti kipana hupitisha kwa sekunde mita za ujazo zinazopatikana kwa kuzidisha 1.7, upana wa kizingiti, na kina cha maji juu yake kikipandishwa kipeo cha moja na nusu. Upana wa mita 20 na kina cha sentimita 80 hupitisha kama mita za ujazo 24 kwa sekunde. Mafuriko yakihitaji 40, ama upana uwe mita 33, ama kina kifike mita 1.1. Ukichagua kina, ile mita 1.5 ya usalama inabaki sentimita 40 kwa mawimbi na kwa tuta kushuka. Sisi tungechagua upana.

Kosa la kawaida halifanywi na mkandarasi. Linafanywa na kamati ya maji mwezi wa tano, kwa nia njema: wanapanga mawe au viroba vya mchanga kwenye utoro ili maji yasipotee. Nusu mita tu. Chukua utoro wetu wa mita 20: mafuriko ya sentimita 80 juu ya nusu mita ya viroba ni mita 1.3. Imebaki sentimita 20, na upepo wa jioni unainua wimbi zaidi ya hapo. Nyavu za samaki zilizotegwa kizingitini ni viroba vile vile kwa jina jingine, maana magugu yanazifuata.

Kuinua tuta kunahamisha utoro. Wa zamani ulichongwa kwenye ardhi ya kando. Tuta jipya linaurukia na kwenda mbele. Mfereji huo wa zamani, wenye mchanga na mawe yaliyolegea, sasa uko chini ya tuta. Uchimbwe wote hadi ardhi ngumu, ujazwe kwa matabaka kama tuta lenyewe. Ukiufukia kwa buldoza siku moja, umejenga mtaro wa siri.

Utoro mpya uwe kwenye ardhi ya asili, si juu ya udongo wa kujaza. Kizingiti cha mawe na saruji kiwe na msingi wa mita moja kwenda chini, kisawazishwe kwa mpira wa maji kutoka ncha hadi ncha. Tofauti ya sentimita 5 inatosha kuyakusanya maji upande mmoja yakachimba. Mfereji wa kurudisha maji mtoni usipite karibu na mguu wa tuta. Pale unaposhuka kwa ghafla ndipo mmomonyoko unapoanza, ukarudi nyuma kila masika hadi ukifikie kizingiti, kwa hiyo mteremko huo ndio wa kuwekewa mawe yaliyopangwa, kabla hata ya kupaka rangi kibao cha mradi.

Kujaza mara ya kwanza

Usiliache lijae kwa mvua moja kama una uwezo wa kufungua valvu. Mguuni mwa tuta jenga kijikuta chenye kibao cha bati kilichokatwa pembe ya V ya nyuzi 90, maji yote yanayovuja yapite hapo. Maji yakifika sentimita 5 kutoka ncha ya V, mvujo ni kama lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10, lita 4.4. Andika kila siku mambo matatu: usawa wa lambo, sentimita za V, rangi ya maji. Mvujo ukipanda pamoja na lambo na maji ni maangavu, endelea kuandika. Lambo likiwa pale pale na mvujo unapanda, ita mtaalamu.

Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, usisubiri mtu. Fungua valvu ushushe lambo, ondoa watu wa bondeni, na mahali yanapotokea mwaga mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Usizibe tundu kwa mfinyanzi wala saruji; yatatafuta tundu jingine, nawe hutaliona. Mita za ujazo tano za mchanga na tano za kokoto ziwe zimerundikwa karibu na mguu wa tuta tangu siku ya kwanza, na mlinzi ajue kwamba hazikopeshwi kwa mtu anayejenga nyumba.